Posa na Bata Wawili

Mama aliponituma nikamuulizie mtu aliyemposa dada yangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua daftari jipya. Nyumbani nilikuwa na madaftari matatu yenye kurasa tupu, lakini yote yalikuwa yameshaanzwa, na mimi siwezi kuanza jambo kwenye daftari lililoanzwa. Nakiri hili mapema ili msomaji ajue yuko na mtu wa aina gani.

Kwetu Unguja posa haijibiwi hivi hivi. Watu wakishaileta, upande wa mwanamke huomba muda, na ndani ya muda huo hutumwa wa kuuliza. Wanaume huuliza msikitini na kazini, wanawake huuliza majirani. Baba yetu ameshafariki, kwa hiyo ami, mdogo wake baba, alichukua msikiti na soko. Mama anaumwa magoti, hata ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe huzishuka kwa kunung'unika, basi upande wa wanawake ukaniangukia mimi, binti mdogo wa nyumba, miaka ishirini na nne, mchoraji wa hina.

Uchoraji wenyewe sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, nikijichora miguu yangu mwenyewe mpaka mama akasema nimekuwa kama zulia. Mpaka leo nikimchora bibi harusi na jani moja likaenda upande, harusi nzima mimi nalitazama lile jani.

Dada ana miaka ishirini na tisa, anafundisha watoto wa maandalizi. Mposaji alikuwa na duka la vitambaa vya mapazia Mwanakwerekwe. Ndevu zake zilichongwa vizuri, na akizungumza na mama alikuwa anainamisha macho. Aliwahi kuoa, wakaachana, hawakujaaliwa mtoto. Dada alimpenda. Hakusema, lakini alianza kuimba akiosha vyombo, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumsikia dada akiosha vyombo bila kulalamika.

Kwa hiyo nilitaka kazi yangu isiwe na kasoro. Niliandika maswali arobaini na moja na kuyapanga kwa safu. Anaswali? Anaswali jamaa, pamoja na wenzake msikitini? Anavuta? Anatafuna mirungi? Mamake anamtazama vipi? Watu wakifiwa anatokea, au anatuma salamu za rambirambi kwa simu? Nilichora mistari kwa rula. Nikatenga nafasi ya jibu, na nafasi ndogo zaidi ya jina la ukoo wa aliyejibu, ingawa hakuna mtu aliyeniagiza hilo.

Mtaani kwake, nyuma ya soko, nilibisha hodi nyumba saba. Nyumba saba zilinipa jibu moja: "Hana neno." Kijana mzuri, hana neno. Mtu wa watu, hana neno. Nilikuwa najaza safu zangu kwa furaha, kila moja na alama yake ya vyema, na sikujiuliza kwa nini watu saba wasiofanana wanasema maneno yanayofanana. Ningejiuliza, ningejijibu. Kumharibia mtu posa ni jambo zito kwetu. Anayesema vibaya atakuja kusemwa naye, yeye na wanawe, posa zao zikifika. Na yaliyomo ndani ya nyumba ya mtu ni sitara, hayatolewi nje, hata kama ukuta wako na wake ni mmoja.

Nyumba ya nane ilikuwa ya mama mmoja anayekaanga bajia kibarazani.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Bajia ngapi?"

"Mie sikuja kununua, nimekuja kuuliza habari za yule kijana wa mapazia."

"Basi nunua kwanza, ndio uulize. Maneno bila ya bajia yananikausha koo."

Nikanunua. Akanitilia na chatine, akakaa vizuri.

"Yule kijana mzuri, mwanangu. Hana neno. Ila paka tu, paka hawampendi!" Akacheka mpaka kijiko kikamtoka. "Unawaona hawa?"

Niliwaona. Walikuwa paka watano au sita, wamekaa kama wageni wa karamu, wanasubiri vichwa vya dagaa.

"Vespa yake ikipinda pale penye nguzo, humuoni hata mmoja. Wote washapanda ukuta. Mie ndiyo saa yangu hiyo. Paka wakikimbia, najua laasiri imekaribia."

"Kwani anawafanya nini?"

"Ah! Mmoja alimmwagia maji ya moto. Mwengine alimtia kwenye kiroba, akampigiza ukutani. Hasira za wanyama tu. Kwa watu, hana neno kabisa."

Nilicheka. Katika haya yote, hapo ndipo ninapopaona aibu zaidi. Alivyosimulia kwa mikono na macho, nami mdomo umejaa bajia, nikacheka naye. Kisha nikatazama daftari langu. Hapakuwa na safu ya paka. Nikaandika pembeni kwa penseli, "paka." Niliporudi nyumbani kunakili ripoti safi kwa kalamu, nikalifuta, kwa sababu lilikuwa linaharibu ukingo wa ukurasa.

Mama aliisoma ripoti akavua miwani. "Mashaallah. Hata mahakamani hawaandiki hivi." Dada aliichukua akaenda kuisomea chumbani.

Mimi lakini sikutulia. Swali la thelathini na tatu lilikuwa: kwa nini aliachana na mkewe? Nyumba zote nane zilijibu, "Hawakuelewana." Neno moja, bila mkia wala kichwa, kwenye ukurasa ambao kila jibu lingine lilikuwa na sentensi nzima. Lilinikera. Nataka niwe mkweli hapa: sikwenda kumtafuta yule mtalaka kwa sababu nilimhofia dada yangu. Nilikwenda kwa sababu nafasi ya jibu ilikuwa haijajaa.

Mteja wangu mmoja alikuwa anamjua. Yule mtalaka alikuwa karudi kwa wazazi wake Chwaka, analima mwani. Idi ilikuwa imebaki wiki, kila mwanamke anataka hina, basi nikampigia simu nikajitungia uongo kwamba nachora watu wa Chwaka bure ili nipate picha za kuonesha wateja. Akasema nije siku za maji mafu, kwani bahari ikiwa haitoki sana hawaendi mashambani mwao na mikono hupata kupumzika.

Nilipofika, aliyenipokea uani alikuwa bata. Alikuwa mnene, mweupe, mwenye uso mwekundu, na aliukamata mkoba wangu kwa mdomo akauvuta kama karani wa bandarini.

"Usimuogope," mwanamke akasema kutoka mlangoni. "Huyo ndiye mwenye nyumba. Sisi tunapanga."

Alikuwa na miaka thelathini na kitu, na kila akisema jambo la kuchekesha mwenyewe hacheki. Tukakaa kwenye mkeka. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikaanza.

Kazi yangu ina jambo moja ambalo sikulijua nilipokuwa najifunza kwa miguu yangu mwenyewe. Ukimchora mtu hina unakuwa umemshika mkono kwa saa nzima. Yeye hawezi kuondoka, na wewe huwezi kumtazama usoni. Ndiyo maana watu huniambia mambo. Na ndiyo maana huona mambo. Juu ya kiwiko cha mkono wake, upande wa ndani, mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Ulipinda kidogo, kama kijiti kilichovunjika kikafungwa haraka. Sikuuliza. Nilichora jani juu yake, likaenda upande, nikalifuta, nikalichora tena.

"Mdogo wangu," akasema, "hina yako nzuri. Lakini wewe hukuja kuchora."

"Nimekuja..."

"Tangu umefika umenuliza mara mbili kama niliwahi kukaa mjini. Nani kaposwa? Wewe?"

"Dada yangu," nikasema.

Bata akapita baina yetu, akasimama juu ya mkeka, akaenda zake.

"Haya, uliza. Usiniharibie ua tu."

Nikauliza swali la thelathini na tatu.

"Hatukuelewana," akasema.

Alilisema upesi, kama mtu anayeitikia "naam" kabla hajajua ameitiwa nini. Maswali mengine arobaini yote yakaniruka kichwani, na kwa haya nikatoa lililobaki mdomoni. "Na paka je?"

Mkono wake ukashtuka. Hina ikapiga mstari mrefu kutoka kidole cha shahada mpaka kwenye kiganja.

"Nani kakwambia habari za paka?"

"Jirani. Yule anayekaanga bajia."

"Alicheka?"

Nikainamisha kichwa. "Alicheka."

"Walikuwa wakicheka wote," akasema. "Hata mie mwanzo nilicheka."

Kisha akanihadithia, taratibu, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Aliingia nyumba ile na bata wawili, zawadi ya bibi yake. Mume alikuwa mpole. Miezi ya mwanzo akiudhika hamgusi yeye. Humpiga bata teke. Akiudhika dukani, bata. Chai ikipoa, bata. "Nikasema alhamdulillahi, bora bata." Siku moja alichelewa kurudi kutoka kwa mgonjwa, chakula hakijawa tayari. Mume akatoka uani, akamkamata bata mmoja, akarudi naye jikoni, akamnyonga mbele yake.

"Hakumchinja, mdogo wangu. Angemchinja tungesema anataka mchuzi. Alimnyonga, ananitazama. Akamtia kwenye jaa, maana ni mzoga, hatumli. Akanawa mikono kwa sabuni. Akakaa, akanambia, haya, pakua."

Nilikuwa nimeacha kuchora.

"Huo ndio wakati nilotakiwa kuondoka. Nilikaa miezi minane. Unajua kwa nini?" Akaonesha kwa kidevu yule bata mnene aliyekuwa anachimba chini ya mtungi. "Alinambia, ukitoka mlango huu, huyu wa pili utamkuta kama mwenziwe. Ndugu zangu wote wananuliza, kwa nini hukurudi nyumbani mapema? Niwaambie nini? Nlikuwa nnamlinda bata?"

Akacheka kwa mara ya kwanza, nami nikacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine.

"Ulitokaje?"

"Nilimtanguliza yeye. Shangazi alikuja kunitazama, nikampa bata zawadi. Akaja naye Chwaka kwenye kikapu. Wiki ya pili nikamfuata. Lakini ile wiki moja, bata hayupo." Akaugeuza mkono, akautazama ule mfupa kama unamhusu mtu mwengine. "Bata hayupo, ndiyo hivyo."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Waloniuliza waliniuliza kama anaswali. Anaswali."

Nilipomaliza mkono wa pili alinipa sharti. Habari za bata nikamwambie dada, zote. Za mkono nimwachie mwenyewe. Na yule mwanamume asijue kwamba yeye amefungua mdomo. "Mie nnapita Mwanakwerekwe, nnauza mwani. Sitaki kutazama nyuma."

Ningependa kuandika kwamba nilifika nyumbani nikasema siku ile ile. Sikusema. Nilianza kuandika ripoti ya pili. Niliiandika mara tatu, kwani mara ya kwanza ilikuwa na hasira, mara ya pili ilikuwa na huruma nyingi, na ya tatu nilikosea neno moja katika mstari wa mwisho nikaichana yote. Siku tatu. Nilikuwa nasubiri maneno ambayo hakuna mtu angeweza kuyapinga. Wakati huo ami alikuwa ameshasema atawajibu wenye posa Ijumaa, baada ya swala, na atawajibu ndiyo.

Alhamisi alasiri ami alikuja kunywa chai. Aliposema "Basi kesho," ripoti yangu ilikuwa bado haijakamilika, nikafungua mdomo bila karatasi.

"Ami, alimnyonga bata."

"Nani?"

"Mposaji. Alimnyonga bata mbele ya mkewe, kisha akaomba chakula."

Ami akaweka kikombe chini. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akapasuka kwa kicheko. "Bata! Unataka niende kwa watu wazima wenye kofia zao, niwaambie posa yenu tunairudisha, sababu bata?"

"Na paka. Aliwamwagia maji ya moto."

"Marehemu babako alikuwa akiwapiga mawe kunguru," mama akasema, sauti haina nguvu.

"Kunguru hata mie!" ami akasema. "Kuna mtu asiyempiga kunguru?"

Nikasema kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa habari za mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa, na mwanamke akatiwa motoni kwa ajili hiyo. Ami akaniuliza tangu lini nimekuwa shehe. Maneno yalikuwa yanatoka hovyo, sentensi hazina mwisho. Nilichukia kila nilichokuwa nasema.

"Ami, tuseme anampiga mke. Mtu angekwambia?"

"Nani atasema? Mambo ya ndani ya mtu."

"Basi. Wote wanasema hana neno. La mke wanalificha kwa sababu ni aibu. La paka wananihadithia huku wanacheka kwa sababu hawalioni kama ni aibu yake. Ni mkono ule ule, ami. Hilo ndilo tu walilosahau kulificha."

Ami hakucheka tena, lakini hakukubali. Alisema wanyama ni wanyama, watu ni watu. Mama alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake, anaukunjua.

Ndipo dada akatoka chumbani. Sikujua kuwa alikuwa anasikiliza.

"Mnakumbuka tulipokwenda Kidichi?" akasema.

Nilikumbuka. Shangazi yake mposaji ana shamba la viungo kule, akatualika pamoja naye, nami nikaenda kama mchunga wa dada, maana wachumba hawaachwi peke yao. Nilikuwa mchunga mbaya. Muda wote niliutumia kulipiga picha tunda moja la kungumanga lililopasuka, kwa kuwa kila nikipiga mwanga unakaa vibaya.

"Kulikuwa na mwanambuzi amefungwa," dada akasema. "Akawa anatafuna baibui langu, nikacheka. Yule bwana akaja, akalishika sikio la yule mbuzi, akalisokota. Taratibu. Mbuzi akalia. Lakini macho yake yeye hayakuwa kwa mbuzi. Yalikuwa kwangu. Kama mtu anayeonja mchuzi aone kama chumvi imefika."

Mama akauacha mtandio.

"Nikasema nimeona vibaya. Nikatabasamu." Akamgeukia mama. "Mama, nilitabasamu."

Mama akasema, "Njoo ukae hapa."

Ami akanywa chai iliyokuwa imeshapoa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta viatu vyake, tutasema sababu gani. Alipendekeza tuseme dada ameswali istikhara, kumtaka Mungu shauri, na moyo wake haukukubali. Ndivyo watu wanavyosema, na hakuna anayekasirika. Dada akasema hatamsingizia Mungu. Aseme tu jibu ni hapana, na wakitaka sababu waje kumuuliza yeye dada mwenyewe.

Ijumaa ami akaenda, akasema hapana, akarudi akiwa amelowa jasho kama mtu aliyebeba kabati. Haikupita saa, simu ya dada ikaita. Alikuwa mposaji. Dada akaiweka sauti kubwa tusikie wote, mama, ami na mimi.

Alisalimia vizuri. Aliuliza hali ya magoti ya mama. Alisema anaheshimu uamuzi, kila jambo lina heri yake, na ningeweza kuapa kwamba mtu yule hana neno. Kisha, kwa sauti ile ile laini, akauliza, "Ila nambie tu, nani kakwambia?"

Nikamuona akilini yule mwanamke wa Chwaka na kikapu chake cha mwani sokoni.

"Hakunambia mtu," dada akasema. "Nilikuwapo."

"Wapi?"

"Kidichi."

Tukamsikia anapumua. Kisha akacheka kidogo. "Yule mbuzi? Posa umeivunja kwa ajili ya mbuzi?"

"Hapana," dada akasema. "Kwa ajili yangu."

Akakata simu, akaiweka kifudifudi juu ya meza. Akaninyooshea mikono yote miwili kunionesha jinsi inavyotetemeka, kama mtu anayeonesha kitu cha ajabu alichookota. Nikaishika. Ami akatoka kwenda kumtafutia maji, na mama akaanza kuuliza nani atashuka kununua mkate wa chai.